Si Kila Wingu ni Mvua: Kusoma Picha za Mifupa kwa Kiswahili



Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Methali hii niliifundisha miaka mingi darasani. Wanafunzi waliitolea maana na matumizi, wakaandika kwamba kila jambo hutanguliwa na ishara yake, nami nikawapa alama zao. Sikuwahi kuwauliza swali la pili: ni mawingu gani yaletayo mvua, na ni yapi yapitayo tu? Swali hilo nilikutana nalo baada ya kustaafu, nikiwa sebuleni kwa dada yangu, nimeshika karatasi ya majibu ya eksirei ya mwanawe.

Mpwa wangu alikuwa na umri wa miaka 15. Alilalamika maumivu juu kidogo ya goti, na maumivu hayo yalimzidi usiku. Kwa kuwa alikuwa mchezaji wa mpira, sote tulisema amepigwa teke. Akakandwa kwa maji ya moto, akachuliwa kwa mafuta, akapumzishwa. Uvimbe haukushuka. Alipopigwa picha, majibu yaliandikwa kwa Kiingereza, mistari minne tu. Dada akaniita. "Kaka, wewe ndiye mwalimu wetu. Tusomee."

Nikasoma. Neno zito la kwanza lilikuwa "lesion". Nililijua kama walijuavyo wasomaji wa kamusi: jeraha, kidonda. Nikasema, "Kuna kidonda ndani ya mfupa." Palikuwa na neno jingine lililoeleza tabia ya hicho nilichokiita kidonda, nalo nikalitafsiri "kikali". Mstari wa mwisho ulitaka mgonjwa apelekwe hospitali ya rufaa kwa uchunguzi zaidi. Nikausoma kwa sauti ileile: "Inashauriwa." Dada akautazama mguu wa mwanawe, akaupapasa, asione ngozi iliyopasuka wala usaha. Mzee mmoja aliyekuwapo akasema kwamba kidonda kikali kina dawa zake, na ya rufaa yatafuata. Wiki saba zikapita katika dawa za vidonda.

Alipofikishwa hospitali ya rufaa alikutwa na osteosakoma. Hiyo ni saratani inayoanzia kwenye mfupa wenyewe, na huwapata zaidi vijana walio katika umri wa kurefuka, mara nyingi karibu na goti: ncha ya chini ya fupa la paja au ncha ya juu ya muundi. Alipewa dawa za saratani kwa njia ya mishipa, kisha akakatwa mguu juu ya goti. Nilimuuliza daktari kama wiki saba zile ndizo zilizouchukua mguu. Alinijibu kwa uungwana kwamba hilo hawezi kulisema. Nami silisemi. Ninalolijua ni kwamba kwa wiki saba jambo lililokuwa limesomeka pichani halikusomeka nyumbani, na aliyekaa katikati ya picha na nyumba nilikuwa mimi, mwalimu wa lugha.

Ndiyo maana naandika hapa, mahali pa washairi, wala si katika jarida la madaktari. Hoja yangu ni kwamba Kiswahili kinahitaji lugha yake timamu ya kusoma dalili za picha za uvimbe wa mifupa na tishu laini, na kwamba lugha hiyo haitakamilika bila ya watu waliozoea kufasiri sitiari. Kwa sababu dalili hizo, kama nilivyokuja kujifunza, karibu zote ni sitiari.

Niliyajifunza kwa mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni daktari bingwa wa radiolojia. Nilimwendea na aibu yangu. Akaniamkia, "Shikamoo, Mwalimu," akanikalisha mbele ya kioo cha kompyuta, na kwa alasiri kadhaa akanionyesha picha zilizofutwa majina ya wagonjwa. Siku ya kwanza niliona weupe na weusi tu. Siku ya tatu nilianza kusikia picha zikisema.

Kwanza alinifundisha mpaka. Uvimbe unaokua polepole huupa mfupa nafasi ya kujihami. Mfupa hujenga ukuta kuuzunguka, na ukuta huo huonekana pichani kama mstari mweupe uliokatwa sawasawa, mfano wa pwani ya kisiwa katika ramani. Uvimbe unaokwenda kasi hauupi mfupa nafasi hiyo. Mpaka wake hufifia, usiweze kusema mfupa mzima unaishia wapi na ulioharibika unaanzia wapi. Gwilym Lodwick, mtaalamu wa Marekani, aliyapanga mambo haya kwa ngazi: kuanzia doa lenye mipaka ya ramani, kupita mfupa wenye matundu mengi, hadi uharibifu uliopenya kotekote kama maji yanavyopenya mchangani. Nilipolielewa hilo, mimi mwalimu wa sarufi nilimwambia daktari: "Kumbe mpaka ni njeo." Akacheka, akakubali. Mpaka haukuambii jina la ugonjwa. Hukuambia mwendo wake.

Kisha alinifundisha utando. Kila mfupa umefunikwa kwa utando mwembamba ulio hai, wenye uwezo wa kujenga mfupa mpya pale unaposukumwa au kuinuliwa. Ukisukumwa kwa vipindi, hujenga tabaka, hupumzika, hujenga tabaka jingine. Pichani tabaka hizo huonekana kama maganda ya kitunguu. Ukisukumwa kwa kasi isiyopumzika, mfupa mpya huchomoza kama sindano zinazotawanyika kutoka shinani, nao huitwa miali ya jua. Na uvimbe ukiupasua utando na kutoka nje, hubaki pembeni tu kipande cha utando kilichoinuliwa, chenye umbo la pembetatu. Pembetatu hiyo hubeba jina la Ernest Amory Codman, daktari wa upasuaji wa Boston aliyeishi kati ya mwaka 1869 na 1940. Katika picha ya mpwa wangu, niliyoiomba kwa dada na kuipeleka, miali ya jua ilikuwapo na pembetatu ilikuwapo. Mtaalamu aliyeandika ile mistari minne alikuwa ameyaona yote mawili na kuyataja. Mimi niliyaruka kwa kuwa sikuyaelewa.

Jambo la tatu ni kilichomo ndani ya uvimbe. Uvimbe unaozalisha gegedu huweka chokaa yenye umbo la pete na matao, au punje zilizofumuka ambazo Waingereza huzifananisha na mahindi ya kukaanga yaliyopasuka. Uvimbe unaozalisha mfupa, kama osteosakoma, huweka weupe usio na mistari, na wataalamu huuita kwa jina litakalowafurahisha wenye methali: huuita wingu.

Hapa ndipo nawaomba wanalugha mnisikilize vizuri. Mengi ya majina haya yalitungwa na watu wa nchi za baridi, kwa vitu vya jiko lao, shamba lao na mbingu yao. Baadhi yamekuja kwetu bila shida, kwa kuwa kitunguu kipo kwetu na jua lipo kwa wingi. Mengine yanahitaji mshairi. Mahindi yaliyofumuka kwetu ni bisi, neno zuri, fupi, la kila mtaa, na sioni kwa nini ripoti isiseme "chokaa ya bisi". Fupa la paja lililopinda juu kwa ugonjwa wa kukua kwa nyuzinyuzi ndani ya mfupa hufananishwa na fimbo ya mchungaji wa kondoo wa Ulaya. Kwetu kuna bakora. Mzee yeyote wa pwani akiambiwa "mfupa umepinda kama mpini wa bakora" ataliona umbo hilo kabla hujamaliza sentensi.

Chukueni mfano mwingine. Mfupa wenye matundu mengi madogo, kwa Kiingereza huitwa ulioliwa na nondo, yule mdudu alaye nguo. Mkitafsiri neno kwa neno mtapata fedheha. Kijana wa leo akisikia nondo hufikiri chuma cha ujenzi, na mfupa wenye nondo kwake ni mfupa ulioimarishwa! Lakini lugha yetu ina kitenzi kilichokaa tayari tangu maghala ya babu zetu: kubungua. Mahindi yaliyobunguliwa na dumuzi kila mkulima anayajua. Ukiyatazama kwa nje punje zimesimama; ukizishika hukuta unga umebaki. "Mfupa uliobunguliwa" husema umbo, husema hatari, tena husema kwamba mfupa huo waweza kuvunjika kwa uzito mdogo.

Kuna uvimbe wa mfupa unaojaa vishimo vya damu. Mgonjwa akilala tuli ndani ya mashine ya MRI, chembe za damu hushuka chini na maji ya damu hubaki juu, na pichani huonekana mstari mnyoofu unaotenganisha tabaka mbili. Kiingereza huita jambo hili kwa maneno makavu ya kipimo. Kila aliyewahi kukuna nazi ameliona: ni tui lililotuama, mafuta juu na maji chini. Vivyo hivyo kuna uwazi wa maji unaotokea ndani ya mifupa ya watoto, hasa juu ya mkono karibu na bega. Ukivunjika, kipande cha mfupa huanguka ndani na kuzama hadi chini, kama kigae ndani ya mtungi. Kipande hicho kilichozama ni habari njema, kwa sababu chaonyesha kwamba ndani mna maji. Ndani ya nyama ngumu kisingezama.

Nimeona wengine wakiishia hapo, wakidhani kazi ya istilahi imekwisha pale jina zuri linapopatikana. Kazi haijaanza. Jina zuri lina hatari yake, na washairi mnaijua kuliko mtu yeyote, kwa kuwa mmeona jinsi sitiari tamu inavyomfanya msomaji asahau kuuliza.

Maganda ya kitunguu ni mfano. Vitabu vya tiba huyahusisha na sakoma ambayo James Ewing wa New York aliieleza mwaka 1921, nayo huwapata watoto na vijana. Mwanafunzi wa tiba akiyaona hukimbilia jina hilo. Lakini usaha ndani ya mfupa, ugonjwa wa vijidudu unaotibika kwa dawa na upasuaji wa kusafisha, nao huweza kuuinua utando kwa vipindi na kujenga maganda yaleyale. Katika nchi zetu, ambako usaha wa mifupa na kifua kikuu cha mifupa havijatoweka, na ambako watoto wenye selimundu hupata mifupa iliyokosa damu, anayesoma ganda moja tu la kitunguu anaweza kumtangazia mama saratani isiyokuwapo. Anaweza pia kumtuma nyumbani na dawa za usaha mtoto mwenye saratani. Hata pembetatu ya Codman hutokea penye usaha au penye damu iliyovuja chini ya utando. Na tui lililotuama, ambalo mara nyingi ni la uvimbe usio saratani, huonekana pia katika aina mojawapo ya osteosakoma.

Basi dalili husomwaje? Daktari wangu alinijibu kwa namna ambayo ningeitamani darasani: husomwa kwa muktadha. Kwanza umri. Uvimbe wa chembe kubwa huwapata zaidi watu wa miaka 20 hadi 40, ambao gegedu la kurefuka limekwisha kufunga, nao hukaa kwenye ncha ya mfupa ukiugusa uso wa kiungo. Mtu aliyevuka miaka 40 akiwa na mfupa ulioliwa, daktari hufikiri kwanza saratani iliyosafiri kutoka mahali pengine, kama titi, pafu au tezi dume, au saratani ya chembe za uboho. Kisha mahali: mfupa gani, ncha au kiwiliwili, katikati au ubavuni. Kisha mpaka, utando na kilichomo. Kisha idadi, kama ni mmoja au ni mingi. Na juu ya yote, maneno ya mgonjwa mwenyewe: maumivu yalianza lini, huzidi saa ngapi, pana homa au hapana. Kuna uvimbe mdogo wa mfupa ambao sifa yake kubwa ni kuuma usiku na kutulia kwa aspirini. Kifungu hicho kimoja cha maneno huweza kumwelekeza msomaji wa picha kuliko kivuli chochote.

Je, hivyo si ndivyo tusomavyo shairi? Mwanafunzi aliyekuta neno "ua" katika mshororo mmoja akaandika kwamba mtunzi anazungumzia bustani, tulimwambiaje? Tulimwambia asome ubeti wote, aulize nani anasema, kwa nani, katika hali gani. Ua laweza kuwa la bustani, laweza kuwa mpenzi, laweza kuwa uzio, tena laweza kuwa amri ya kutoa roho. Picha ya mfupa haitofautiani na hilo. Tofauti ni kwamba akikosea mwanafunzi wangu alipoteza alama mbili.

Uvimbe wa tishu laini, yaani wa msuli, shahamu, kano na mishipa, unahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu eksirei haioni mengi humo. Altrasaundi husaidia mwanzoni, na MRI husoma kwa undani. Uvimbe wa shahamu huonekana sawa na mafuta yaliyo chini ya ngozi, na mashine ikiamrishwa kuyazima mafuta, nao huzimika pamoja nayo. Mkusanyiko wa mishipa ya damu huweza kuonyesha vijiwe vidogo vya duara. Mtu aliyepigwa pajani huweza kuota mfupa ndani ya msuli, na hapo mpangilio ndio husema: ugumu huanzia pembeni kama ganda la yai, ilhali sakoma inayozalisha mfupa huwa nzito zaidi katikati. Lakini wiki za mwanzo ganda hilo halijajengeka, na hata kinyama kilichokatwa mapema mno huweza kumhadaa mpatholojia. Wakati mwingine busara ni kungoja na kurudia picha. Wakati mwingine kungoja ni hatari: uvimbe uliozidi sentimita 5, au uliozama chini ya tabaka la msuli, au unaoendelea kukua, haustahili kungojwa nyumbani, hata kama hauumi. Nalisisitiza neno hauumi. Sisi hupima ubaya wa uvimbe kwa maumivu, na sakoma nyingi za tishu laini hukua kimya.

Tena mnapofika kwenye kukata kinyama cha uchunguzi, njia ya sindano au kisu hupangwa pamoja na daktari atakayefanya upasuaji mkubwa baadaye, kwa sababu chembe za saratani huweza kubaki katika njia hiyo. Njia iliyokatwa pasipo mpango yaweza kuharibu nafasi ya kuuokoa mguu. Hilo nalo ni jambo la kumweleza mgonjwa kwa lugha yake kabla hajakubali kukatwa kokote.

Majina ya kwanza hukosea hata kwa mabingwa. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Mulago, Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa mataya ya watoto wa Kiafrika. Katika picha za watoto hao mfupa unaoshika mizizi ya meno hulika, meno yakaonekana yanaelea. Burkitt aliuita uvimbe huo sakoma. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba ni saratani ya chembe za limfu, na kujua hivyo ni jambo kubwa, kwani saratani hiyo husikia dawa sana. Dalili ilikuwa ya kweli tangu siku ya kwanza, lakini jina lake lilihitaji kurekebishwa. Ilitokea hapa kwetu, katika Afrika ya Mashariki, kwa watoto wetu, na naona aibu kwamba meno yanayoelea hayajapata ukurasa katika vitabu vyetu vya Kiswahili.

Sasa nirudi kwenye kosa langu, kwa sababu wanalugha mtataka kujua neno sahihi ni lipi. Kidonda ni kosa, kwa kuwa kidonda kwetu kiko wazi na kina dawa ya kupaka. Dosari ina lawama ndani yake, kana kwamba mfupa umetenda kosa. Alama ni nyepesi mno. Mimi napendekeza "badiliko": pana badiliko ndani ya mfupa. Halitishi bila sababu, halitulizi bila sababu, na linamlazimu msikiaji kuuliza, "Badiliko gani?" Nalo swali hilo ndilo nililomnyima dada yangu. Kwa lile neno la pili, kali pia ni kosa. Ukali kwetu ni wa pilipili, wa jua, wa mwalimu, na huweza kupoa. Mtaalamu alitaka kusema kwamba badiliko lile linavuka mipaka na linakwenda kasi. Hiyo ni tabia ya uvamizi, na neno "vamizi" lipo. Wala nisingependa tuseme uvimbe "mpole" kwa kila usio saratani, kwani ule wa chembe kubwa, ingawa kwa kawaida hauhesabiwi saratani, hula ncha ya mfupa hadi kiungo kikaharibika.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya madaktari, nao wanasoma Kiingereza, basi washairi wabaki na vina vyao. Nawajibu kwamba ripoti haiishii kwa daktari. Hutoka mlangoni ndani ya bahasha, hupanda daladala, hufika sebuleni, na huko hutafutwa mtu aliyesoma. Mtu huyo ni wewe na mimi. Wapo pia watakaosema sitiari humwogofya mgonjwa. Ni kweli ikitupwa peke yake. Ndiyo maana nasema jina la dalili lifundishwe pamoja na tahadhari yake: maganda ya kitunguu, na papo hapo usaha au sakoma, chokaa ya bisi, na papo hapo gegedu salama au gegedu saratani. Anayelijua jina bila ya tahadhari hajalijua.

Naomba mambo mawili. La kwanza, Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1967 kwa kazi za namna hii, likae pamoja na madaktari wa radiolojia, mafundi wa mionzi na watunzi wa mashairi, wapitie dalili hizi moja baada ya moja. La pili, na hili halingoji kikao, kila ripoti ifungwe kwa sentensi mbili za Kiswahili: tumeona nini, na mgonjwa afike wapi kabla ya siku gani. "Inashauriwa" haitoshi. Kama katika karatasi ile pangekuwa na maneno "apelekwe wiki hii", ujinga wangu usingekuwa na nafasi.

Mpwa wangu yu hai. Anatembea kwa mguu wa bandia, anasoma chuo, na hupenda kunitania kwamba sasa viatu vyake hudumu mara mbili. Mwaka jana, tukiwa barazani, aliniuliza bila kunitazama: "Mjomba, lile neno ulilotusomea siku ile, maana yake hasa ilikuwa nini?" Nilimweleza yote, pamoja na kosa. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Basi waandikie wenzako." Nimewaandikia, na kwa kuwa ni mazoea yetu hapa, nafunga kwa ubeti wangu mmoja.

Dalili ya mvua wingu, si kila wingu ni mvua,
Nisikizeni wenzangu, neno kwanza kulijua,
Kosa lilikuwa langu, maana kutotambua,
Someni ubeti wote, mshororo hautoshi.

Mwenye jina bora kuliko bisi, bakora au badiliko, alilete tulipime pamoja.